Leta Inasomesha Samaki

Asubuhi ile Mama Euphrasie aliingia mu kijito cha Lukoma pamoja na wanawake wengine wanne, kila mumoja na kikapu chake, kama wanavyofanya kila musimu maji yanapopunguka. Walikata migomba miwili, wakailalisha kukingama kijito, wakaziba matundu kwa udongo na majani, kisha wakaanza kuchota maji na kuyatupa upande wa pili wa ukuta. Ile kazi haitaki haraka. Unachota, unatupa, unaimba kidogo, unamusengenya yule ambaye hakukuja. Jua likifika juu ya miti, tope linaonekana, na ndani ya tope samaki wanaanza kurukaruka: wale wa ndevu, wale wa miba mugongoni, na wale wadogo wa rangi ya majani ya kuoza, ambao unawakausha juu ya moshi na kuwapeleka kwenye soko la Mubi, na watu wa malori wanawanunua bila kubishana sana.

Siku ile tope lilionekana, na ndani ya tope hamukuwa kitu. Alikuwamo samaki mumoja tu, murefu kama mukono wa mwanaume, mugongo wa bleu na tumbo jeupe pe. Alikuwa amelala katikati akiwaangalia, kama muntu aliyetembelewa nyumbani kwake.

"Njo huyu Projet," akasema Mama Francine, akakaa juu ya kikapu chake.

Watu walimuita Projet kwa sababu alikuja na projet, muradi wa Leta, yaani serikali. Miaka ilikuwa imepita tangu gari la Leta lifike na mabidon, madumu ya bleu, watu wakamwanga vitoto vya samaki mu Lukoma na kusema kwamba watakomaa mbio na kuondoa njaa. Walikomaa mbio. Na juu ya njaa pia hawakusema uongo kabisa, kwani tangu siku ile Projet hakuona njaa tena. Alikula mayai ya samaki wengine, akala watoto wao, akala vyura, kisha akawakula wenyewe wakubwa. Yeye mwenyewe haliwi. Mama Francine alijaribu mara moja. Alimuchemsha toka jogoo la kwanza hadi kengele ya misa, akamaliza mizigo miwili ya kuni, na Projet alitoka mu sufuria vile alivyoingia, macho wazi. Kilichoisha ni chumvi.

Mama Euphrasie hakulia. Alikunja pagne yake ya kiunoni, akarudi nyumbani na kikapu kikavu, akihesabu mu kichwa si samaki, bali majuma. Lilikuwa juma la tatu bila kitu cha kupeleka Mubi, na samaki wa Mubi njo waliokuwa wanamusomesha Plamedi, mujukuu wake, aliyekuwa mu sita primaire. Redio inasema masomo ya musingi ni bure, na redio haidanganyi: Leta haiombi kitu. Anayeomba ni mwalimu, kwa sababu Leta haijamulipa. Mwalimu Isidore alishuka kutoka Kibabi na valizi moja na gunia la maharagwe, na alikuwa anafundisha mwaka wa kumi na moja bila matricule, namba ya kulipwa na Leta. Asiye na matricule hana mushahara, hata kama watoto wake wote wanajua kusoma. Basi wazazi wanamulisha, na muzazi asiyeleta, mutoto anarudishwa.

Plamedi alirudishwa siku ya kwanza ya juma. Alirudi na cahier zake mu mufuko wa plastiki, akafua chemise yake nyeupe, shati la masomo, akaianika, akaikunja. Fasi yake kwenye benchi ya tatu, namba kumi na saba mu registre, ikabaki wazi.

Mu lile juma njo alifika Bwana Bienvenu, agent wa recherche, muchunguzi wa Leta.

Alikuja kwa pikipiki, tope hadi kwenye magoti, na watu walikusanyika mu kanisa kwa sababu mvua ilikuwa inatisha. Alieleza kwamba Leta inajua taabu ya samaki wa kuvamia maji ya watu. Leta haikulala. Leta imetoa feza kwa ajili ya huyu samaki. Bwana Bienvenu alikuwa mutoto wa Kinshasa na Kiswahili chake kilikuwa cha miezi sita ya Goma. Alitaka kusema kwamba Leta imetoa feza ya kusoma samaki, yaani kumuchunguza, kujua anakula nini na anazaa mara ngapi. Akasema:

"Leta imetoa feza ya kusomesha samaki."

Secrétaire wa chefu aliandika vile alivyosikia. Chefu akatia mukono, wazee wawili wakatia mukono, cachet, yaani muhuri, ikapigwa. Bwana Bienvenu alisoma karatasi, akafika kwenye lile neno, akatoa kalamu, akaifikiria. Bila ile karatasi feza haitoki Goma. Karatasi ingine ni safari ingine, na njia ya Masisi ilikuwa imekatika fasi tatu. Akarudisha kalamu mu mufuko.

"Iko sawa," akasema. "Leta itamusomesha."

Watu walilipokea lile neno kama tangazo la ndoa.

"Mutoto ya muntu inafukuzwa, samaki inaingia," akasema Mama Francine, si kwa nguvu.

"Lakini Mama," akajibu muzee mumoja, "huyu iko na uniforme tayari."

Watu walicheka, kwa sababu ilikuwa kweli: mugongo wa bleu, tumbo jeupe, rangi za watoto wa masomo. Mama Euphrasie hakucheka. Alisimama, akauliza, masomo ya samaki yakiisha, Leta itamufanya nini. Bwana Bienvenu alimujibu kwa heshima. Alisema Leta haiwezi kumutoa samaki mu maji bila décision, na hakuna décision bila masomo. "Masomo yake ikiisha, Mama, tukiona iko mubaya, tutamutoa mu kijito, yeye na ndugu zake wote."

Yale maneno Mama Euphrasie aliyashika kama muntu anayeshika kamba. Samaki asome, amalize. Akimaliza, wamutoe. Wakimutoa, wadogo wa rangi ya majani watarudi, na wakirudi, Plamedi atarudi kwenye benchi. Hakuona fasi kamba ile inaweza kukatika. Kesho yake alishuka Lukoma na beseni lake la aluminium, na Projet akaingia mwenyewe. Kwa hiyo mu karatasi ya Bwana Bienvenu wakamuandika Mama Euphrasie kuwa mulezi wa samaki.

Asubuhi alimubeba juu ya kichwa hadi kwenye masomo, maji yakimudondokea mugongoni. Directeur wa shule aliwapokea vizuri. Tabu ilikuwa moja: registre ilikuwa imefungwa na cachet ya inspecteur, na jina jipya haliwezi kuingia mpaka mwaka ujao. Alipitisha kidole chake kwenye mistari, akakisimamisha.

"Kumi na saba kuko jina, lakini hakuna muntu," akasema. "Hapa kuko muntu, lakini hakuna jina."

Hapo mambo yakatengenezwa. Beseni likawekwa kwenye benchi ya tatu, na watoto wawili wa pembeni wakasogea kidogo kwa sababu ya matone. Mwalimu Isidore akafungua registre na kuita majina. Alipofika kwenye kumi na saba akaita, "Plamedi," na samaki akatoa kichwa mu maji, akasema, "Présent." Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya mutoto mwenye mafua. Mwalimu akatia alama, akaita kumi na nane.

Mwezi haukuisha, matricule ya samaki ikafika. Ililetwa na pikipiki kutoka Walikale centre, mu bahasha kubwa, na kila mwisho wa mwezi feza ya samaki ilikuwa inatoka. Ilikuwa inatoka Kinshasa, ikifika Goma inapumzika, na kijijini ilifika kwa namna ya chaki boxi moja. Mwalimu Isidore mwenyewe njo alileta ile bahasha kwa Mama Euphrasie, kwa sababu mulezi anapashwa kuona. Aliisoma kwa sauti, akaikunja vizuri kwenye mistari yake ileile.

"Samaki iko na matricule, Mama."

"Njo vile, Mwalimu."

"Mimi, mwaka wa kumi na moja."

"Pole, Mwalimu."

"Si kitu. Hata yangu iko mu njia." Akakaa kidogo akiangalia kuku. Kisha akauliza kama kuna chumvi kidogo ya kumuazima.

Samaki hakuwa mujinga. Kifaransa alikishika mbio, na jiografia ya maji alikuwa anaijua mbele ya mwalimu. Tabu yake ilikuwa calcul. Ukimuuliza samaki watano kuongeza mumoja, anajibu mumoja. Ukimuuliza samaki mia kuongeza mumoja, anajibu mumoja. Mwalimu alimueleza kwa vijiti, kwa mbegu za mahindi, na samaki alisikiliza na kujibu mumoja, bila ubishi, kama muntu anayesema alichokiona. Mwalimu Isidore akamuonya Mama Euphrasie kwamba akiendelea hivi, atarudilia mwaka.

Mama Euphrasie alirudi na ile habari ikimulemea kuliko beseni. Mwaka mumoja aliweza kuuvumilia. Miwili, mutoto atakuwa amefika umri wa kwenda kutwanga mawe kwenye madini kama wenzake, na muntu akisha kushika ile nyundo, kalamu haimurudii mukononi. Basi alimuambia Plamedi. Tangu siku ile, kila saa ya kutoka shambani, Plamedi alikaa karibu na beseni na kibao na makaa, akamufundisha samaki kuongeza.

"Koko," akamuuliza bibi yake siku moja, bila kuinua macho, "akifaulu, mimi nitarudia masomo?"

"Akifaulu, watamutoa mu maji. Samaki wetu watarudia. Na wewe utarudia."

"Basi ntamufundisha muzuri."

Alimufundisha muzuri. Alikuwa anamukanya pale anapofanya uvivu, anamuita kichwa ya tope, na samaki anavumilia. Mwezi wa pili jua likawa kali, maji ya beseni yanapata moto njiani, na Bwana Bienvenu akatuma barua kwamba samaki wa Leta asitembezwe wazi. Mu nyumba hamukuwa na kitambaa safi ila kimoja. Plamedi akaenda kwenye kisanduku, akatoa chemise yake nyeupe, akailowesha, akaitandika juu ya beseni.

"Sina kazi nayo sasa," akasema.

Mutihani wa mwisho wa mwaka ulifika. Samaki alishika kalamu kwa midomo. Kwenye calcul aliandika tano kuongeza moja ni sita, na kalamu yake ilisimama kabla ya kuandika ile sita, lakini aliiandika, kwa sababu Plamedi alimuambia hivyo njo mutihani unataka. Kwenye rédaction waliwaomba watoto waeleze fasi wanapotoka. Wengine waliandika juu ya mulima, juu ya shamba, juu ya vita iliyowakimbiza. Samaki aliandika nusu ukurasa.

Mbele ya kutia karatasi za mutihani mu bahasha, Mwalimu Isidore alipita kwa Mama Euphrasie akiwa na ile karatasi ndani ya shati. Hairuhusiwi, lakini mulezi ni mulezi. Alimusomea kwa Kiswahili, pole pole, kidole kwenye mustari:

"Mimi sikutoka hapa. Leta njo ilinileta mu bidon ya bleu. Wale walionimwanga walijua kama nitakula wengine, juu iliandikwa mu karatasi yao, nilikuwa mudogo lakini niliiona. Nimekula wote. Wa mwisho alikuwa wa rangi ya majani, alikuwa na mayai, nilimukula siku ya Pasaka. Kwangu hakuna kitu tena ya kusoma. Munitoe."

Plamedi alikuwa kwenye mulango, anapepeta muchele wa watu. Mu beseni samaki alirudisha kichwa mu maji. Alikuwa amesema.

"Umemupa ngapi?" akauliza Mama Euphrasie.

"Nimemukata mbili juu ya accents, na moja juu alitoka nje ya ligne. Zingine zote nimemupa. Hakuna mwingine aliyeandika vile."

Mama Euphrasie alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu musimu ule. Samaki mwenyewe amesema atolewe. Ni nani tena atakayebisha?

Matokeo yalifika mwezi wa saba. Kumi na saba alipata soixante-huit, sitini na nane kwa mia, wa kwanza wa shule nzima, na Bwana Bienvenu akaja na pikipiki mbili. Walipiga picha mbele ya drapeau, bendera ya Leta. Certificat ilikuwa imetayarishwa Goma, karatasi nzito yenye rangi tatu, na ndani iliandikwa jina la Plamedi, la baba yake, na fasi aliyozaliwa. Juu, kwenye picha, alikuwa samaki. Mama Euphrasie akatia mukono kwenye fasi ya mulezi. Alikuwa anajua kuandika jina lake, ni kitu alichobaki nacho kutoka tatu primaire. Kisha akauliza juu ya ile rédaction.

"Tumeisoma, Mama," akasema Bwana Bienvenu. "Hata mu ministère wameisoma. Wamesema iko ya akili sana. Juu ya ile njo Leta imekubali kuongeza feza, aendelee. Secondaire kwanza, kisha université."

"Yeye ameomba atolewe."

"Njo tunamutoa, Mama. Tunamupeleka Goma."

"Na wenzake wenye kubaki mu Lukoma?"

"Wale watangoja. Masomo bado."

Aliyasema bila ubaya. Alikuwa muntu wa adabu, na viatu vyake vilikuwa vimepasuka. Walimuhamisha samaki mu bidon ya bleu, wakaifunga nyuma ya pikipiki kwa mipira. Samaki alitoa kichwa akamuangalia Plamedi, na Plamedi akamuambia asisahau kubeba moja anapoongeza. Pikipiki ziliondoka. Zilipopita kona ya kanisa njo Plamedi aliona kwamba chemise yake ilikwenda pia, imetandikwa juu ya bidon kwa sababu ya jua.

Mama Euphrasie hakukaa kungoja université. Miezi ile miwili ya likizo aliingia musitu kutafuta uyoga na viwavi, akauza pagne yake ya Pasaka, akauza sufuria ile kubwa, akabaki na ndogo. Mwanzo wa mwaka wa masomo alikuwa na kitu cha mwalimu, chote, kimefungwa mu kitambaa, na chemise nyeupe ingine, ya kuazima, ndefu kidogo mikononi. Alimushika Plamedi mukono kama mutoto mudogo, ingawa alikuwa anamufikia kwenye sikio, na wakaingia kwa directeur.

Directeur alimupa kiti. Alifungua registre ya mwaka uliopita, akapitisha kidole, akakisimamisha kwenye kumi na saba, akakiacha pale muda murefu.

"Plamedi amemaliza, Mama."

"Plamedi njo huyu."

"Minamuona. Minamujua toka premier primaire." Akageuza registre ili mama aone. "Lakini hapa amemaliza, na soixante-huit. Iko Goma, mu secondaire, Leta inamulipia. Siwezi andika muntu moja mara mbili. Inspecteur atasema ninatengeneza watoto wa uongo."

Mama Euphrasie aliangalia lile jina. Lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa bic ya bleu, na pembeni yake alama za kuwapo zilijaa karibu mwaka muzima, tangu siku ya beseni hakuna siku iliyokosa. Aliuliza kama linaweza kufutwa. Directeur akamuonyesha cachet. Aliuliza kama mutoto anaweza kuingia kwa jina lingine. Directeur akamuuliza, lipi? Plamedi alikuwa na moja tu.

Mwalimu Isidore alikuwa anafuta tableau mu darasa, na mulango ulikuwa wazi. Alipowaona wanatoka alisimama na kitambaa mukononi, vumbi la chaki mu nywele, mwaka wa kumi na mbili.

"Ulimufundisha muzuri," akamuambia Plamedi. "Nilijua ni wewe. Mukono wake wa kuandika saba ulikuwa wako."

"Asante, Mwalimu," akasema Plamedi.

Mama Euphrasie akamuachia Mwalimu kitambaa alichokileta na vilivyokuwa ndani, kwa sababu muntu anapashwa kula.

Kesho yake walishuka Lukoma, wao wawili. Mama Francine hakuja tena, alisema kijito kile kiko cha Leta sasa. Walikata mugomba, wakaulalisha, Plamedi akapanda ukingo kutafuta majani ya kuzibia, na Mama Euphrasie akaanza kuchota na kutupa. Hakuimba, na hakukuwa na wa kumusengenya. Jua lilifika juu ya miti. Maji yalishuka, tope likaonekana, na mu tope walikuwa wamelala Projet ishirini, pengine thelathini, mugongo wa bleu, tumbo jeupe, wamejipanga kwa mustari kama watoto mbele ya drapeau.

Maji yalianza kupenya chini ya mugomba. Mama Euphrasie aliinua kichwa akamuita mujukuu wake alete majani.

"Plamedi!"

"Présent," wakajibu wote toka mu tope, kwa sauti moja, nzito kidogo.

Juu ya ukingo mutoto hakujibu. Alishuka na muzigo wa majani begani, akapita katikati yao akiangalia asiwakanyage, akapiga magoti, akaanza kuziba.